Papa Potwe Ndani ya Laptopu

Ujumbe ulijitokeza kwenye pembe ya chini ya kioo mnamo saa tatu asubuhi, mwekundu, wenye haraka: kuna tishio limegunduliwa, bonyeza hapa kuliondoa. Nilikuwa Kilindoni, kisiwani Mafia, katika chumba cha kupanga chenye dirisha linalotazama minazi, na nilikuwa na makala ya kupeleka Dar es Salaam kabla ya magharibi. Nikabonyeza. Programu ya kupambana na virusi, ambayo mafundi wetu huiita antivairasi na mimi nitaiita hivyohivyo, ikanipa alama ya vema ya kijani. Hata chai haijapoa, alama ya waifai ikatoweka. Haikuwekewa mkwaju wala alama ya mshangao. Haikuwepo tu, kana kwamba laptopu ile ilitoka kiwandani bila waifai.

"Mtandao unasumbua tangu jana," mama mwenye nyumba alinifariji kutoka uani, alikokuwa akikuna nazi. "Subiri, mwanangu, utarudi."

Hilo neno "mtandao unasumbua" ni kapu kubwa. Ndani yake tunatia mnara uliozimika, bando lililokwisha, umeme uliokatika, ruta iliyochomolewa na mtoto ili achaji simu. Wakati mwingine hata bahari imo. Jumapili ya 12 Mei 2024 nyaya mbili zinazopita chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilipata hitilafu kwenye maji ya Afrika Kusini, na Tanzania ikashinda na intaneti ya kudonoadonoa. Anayeishi kisiwani amezoea kwamba kosa liko mbali, ng'ambo ya maji, kwa watu asiowajua, na kwamba dawa yake ni subira. Kwa hiyo kosa linapokuwa mapajani mwake, halimpitii hata akilini. Nami nilisubiri hadi saa sita.

Fundi niliyeelekezwa alikuwa kijana mwenye meza moja, mashine ya kutoa kopi na droo iliyojaa chaja za kila kabila.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba. Waifai imepotea."

Hakuigusa laptopu kwanza. Aliuliza kama simu yangu inashika waifai ya pale ninapolala. Inashika. "Basi mtandao ni mzima," akasema. "Asubuhi ulibonyeza nini?"

Akafungua antivairasi, akaingia karantini, yaani lile boma ambamo mafaili yanayoshukiwa hufungiwa yasitembee. Humo ndani palikuwa na faili moja tu, na kwa jina lake lilikuwa sehemu ya programu ya waifai iliyotoka kwa mtengenezaji wa kadi ya waifai yenyewe. Fundi akatikisa kichwa kama mtu anayemwona jirani yake rumande. "Huyu kasingiziwa."

Sitaitaja antivairasi iliyonifanyia hayo. Haina haja, kwa sababu ukipitia historia ya biashara hii utakuta kampuni nyingi kubwa zimewahi kusingizia, na baadhi ziliwahi kusingizia kwa kishindo ambacho laptopu yangu haifiki hata robo yake.

Antivairasi humtambua mhalifu kwa njia mbili hasa. Ya kwanza ni kama alama ya kidole: wataalamu huchukua kirusi kilichonaswa, wakatafuta ndani yake kipande cha maandishi ya mashine kisichofanana na cha programu nyingine, wakakisambaza kwa wateja wote ili faili lolote lenye kipande hicho likamatwe. Ya pili ni mwenendo. Hapa haiulizwi wewe ni nani, huulizwa unafanya nini, na ndipo programu ya waifai inapoingia matatani. Itazame kwa jicho la askari. Huamka kompyuta inapowashwa, kabla mwenyewe hajaweka nywila. Draiva yake, ile sehemu inayoiendesha kadi, hukaa ndani kabisa, kwenye kiini cha Windows, ambako programu za kawaida hazikanyagi. Husikiliza hewani mchana kutwa. Hutunza nywila za kila waifai uliyowahi kujiunga nayo. Hubadilisha mipangilio ya mtandao bila kukuomba ruhusa. Mweleze askari yeyote habari za mtu mwenye mwenendo huo, kisha umwambie ni mwema. Atakuangalia mara mbili.

Mafia wana mfano bora kuliko huo wa askari. Kati ya Oktoba na Machi, mbele ya Kilindoni huonekana papa potwe. Kwa umbo ni papa, hakuna ubishi: mkia wa papa, pezi la papa, na urefu unaoweza kupita mita 12. Mgeni anayemwona kwa mara ya kwanza kutoka kwenye mashua huwa anashika ubao kwa mikono yote miwili. Mvuvi wa Kilindoni hashtuki. Anajua kwamba samaki yule anachuja uduvi na vijidudu vya baharini kwa lile domo lake pana, na kwamba alipo yeye huenda dagaa nao wapo. Na kuna jambo jingine wataalamu waliligundua hapahapa: baada ya kuwafunga papa potwe hao vifaa vya kutoa milio na kutega vinasa sauti chini ya maji, walikuta wengi hawahami msimu ukiisha, wanabaki karibu na Mafia mahali wasipoonekana kwa urahisi. Miaka yote walihesabiwa kuwa wageni, kumbe ni wenyeji.

Antivairasi ni yale macho ya mgeni kwenye mashua. Inaona pezi, inapiga kelele. Mvuvi hayumo ndani ya programu, na pale mwenye kompyuta anapotakiwa kuwa mvuvi, naye anaona maandishi mekundu na kubonyeza, kama nilivyobonyeza mimi.

Kisa kimoja kikubwa cha aina hii kilitokea Jumatano ya 21 Aprili 2010. Kampuni ya McAfee ilisambaza sasisho la kila siku, namba 5958, lililosema kwamba faili liitwalo svchost.exe ni kirusi cha W32/Wecorl.a. Kwa saa zetu ilikuwa alasiri. Sasa svchost.exe ni nini? Ni kama mashua ya abiria ya Windows. Huduma nyingi za mfumo hazina chombo chake zenyewe, hupanda humo. Katika Windows XP, waliopanda ni pamoja na huduma iliyokuwa ikiomba anwani ya mtandao kila unapounganisha, na ile iliyokuwa ikitafuta na kuunga waifai. Antivairasi ilipoizamisha mashua, abiria wote walikwenda nayo. Kompyuta zenye Windows XP ya toleo la tatu la marekebisho zilianza kujizima na kujiwasha bila kukoma, na zilizosimama zilisimama bila mtandao wa waya wala wa hewani. Hospitali kadhaa za jimbo la Rhode Island nchini Marekani ziliahirisha operesheni zisizo za dharura. Australia, maduka makubwa ya Coles yalifunga baadhi ya matawi kwa kuwa mashine za malipo zilikufa. McAfee ilieleza kwamba walioathirika ni chini ya nusu asilimia ya wateja wake wa mashirika, na ikakiri kuwa katika kompyuta za majaribio haikuwamo hata moja yenye mchanganyiko ule wa Windows na antivairasi.

Hebu tusimame hapo kidogo. Windows XP yenye marekebisho ya tatu haikuwa kitu adimu mwaka 2010. Ilikuwa ndiyo kompyuta ya ofisini.

McAfee iliondoa sasisho bovu ndani ya saa chache, ikatoa zuri. Lakini zuri hilo lilipaswa kufika kwa njia gani? Kwa mtandao. Na mtandao ndio uliozamishwa. Kwa hiyo mafundi walilazimika kwenda kwa miguu, meza kwa meza, wakiwa na flashi yenye dawa, wawashe kila kompyuta katika hali salama (safe mode) na kurudisha faili lile mkono kwa mkono. Mji wenye idara ya kompyuta ya watu arobaini unaweza kuyafanya hayo kwa siku mbili tatu. Mahali ambapo fundi ni mmoja na sehemu nyingine ya wateja wake inafikiwa kwa mashua, kama visiwa jirani vya Chole, Juani na Jibondo, hesabu inabadilika.

Sophos walifika mbali zaidi, kwa namna ya kuchekesha usipokuwa wewe. Tarehe 19 Septemba 2012 antivairasi yao ilianza kukamata programu zenye kazi ya kujisasisha, ikiwamo yake yenyewe. Ikajipeleka karantini. Sasisho la kurekebisha kosa lilipotolewa, aliyetakiwa kulipokea alikuwa tayari amefungwa.

Kabla ya hapo, Mei 2007, Symantec walikuwa wameyashutumu mafaili mawili ya Windows XP ya Kichina, na kompyuta nyingi sana nchini China zikashindwa kuwaka. Novemba 2008 AVG wakaliona user32.dll kuwa kirusi cha kuiba siri za benki, kwenye Windows za Kiholanzi, Kifaransa, Kiitaliano, Kireno na Kihispania. Za Kiingereza zilisalimika. Visa hivi viwili nimeviweka pamoja makusudi, kwa sababu vinaonyesha nani huachwa nje mezani pa majaribio. Sisi Waswahili tuliponea kwenye jambo ambalo kwa kawaida tunalilalamikia: Kiswahili cha Windows kilianza kama pakiti ya kuvisha tu, kanga juu ya gauni la Kiingereza, na mafaili ya ndani yakabaki yaleyale ya Kiingereza.

Nikamuuliza fundi wangu kwa nini watu wenye akili kiasi hicho wanakosea makosa ya namna hii. Alicheka tu. Jibu ninalo mimi, na linahusu wingi. Taasisi ya AV-TEST ya Ujerumani husajili zaidi ya programu mpya hasidi na zisizotakiwa 450,000 kila siku. Hakuna mwanadamu anayezisoma. Mashine huzisoma, mashine huandika alama za kidole, mashine huzituma, mara kadhaa kwa siku. Anayechelewa kutuma anashambuliwa na wapinzani wake kuwa hakuzuia kirusi kipya. Anayewahi sana huangusha svchost. Kati ya hofu hizo mbili kampuni huchagua ipi ni ghali zaidi kwao, na kwa muda mrefu jibu limekuwa kuchelewa. Wala somo la 2010 halikufika mbali. George Kurtz, aliyekuwa ofisa mkuu wa teknolojia wa McAfee wakati ule, ndiye aliyekuwa mkuu wa kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya CrowdStrike tarehe 19 Julai 2024, pale sasisho lake lilipoangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 kwa hesabu ya Microsoft. Lile halikuwa tuhuma ya uongo, lilikuwa faili bovu. Sasisho lilitoka saa moja na dakika tisa asubuhi kwa saa za hapa, likarekebishwa saa mbili na dakika ishirini na saba. Dakika 78 tu. Na zilizokwisha kuanguka zikahitaji nini? Fundi, hali salama, mkono kwa mkono.

Lakini nisizitwishe kampuni za ng'ambo mzigo wote. Kuna sehemu yetu.

Laptopu nyingi zinazofika visiwani na mikoani ni mitumba. Hununuliwa Kariakoo au kwa mtu aliyekuwa nayo, zikiwa na Windows iliyofunguliwa kwa programu ya kukreki. Microsoft Defender, ile antivairasi iliyomo ndani ya Windows, ikikutana na kifungulio hicho hupiga kelele na kukiita zana ya udukuzi. Na hapo ni ukweli mtupu: ndicho kilivyo, na mara nyingine kimefungashwa pamoja na kitu kibaya kweli. Fundi anajua kelele zitapigwa, kwa hiyo hatua ya kwanza ya kazi yake ni kuzima antivairasi. Ya pili ni kumwambia mteja, "Ikikuletea maneno, ipuuze." Mteja amefundishwa hivyo tangu siku ya kwanza. Baada ya mwaka, kirusi halisi kinapoingia kwa flashi ya kuchapishia na kugeuza mafolda yake yote kuwa njia za mkato, anapuuza. Na mtu wa aina yangu, aliyefundishwa kinyume chake, kwamba kila chekundu ni cha kuondoa, anang'oa waifai yake kwa kidole chake mwenyewe. Hatuna mazoea ya katikati, ya kuuliza.

Kuuliza si kazi ngumu, na fundi alinionyesha palepale. Aliliangalia jina la faili na folda lilikotoka: lilikuwa kwenye folda ya mtengenezaji wa kadi, mahali pake pa miaka yote. Akatazama tarehe, halikuwa limebadilika tangu nilipoinunua laptopu. Jambo la kale lililokaa kwa amani, likishutumiwa asubuhi ileile antivairasi iliposasishwa, lina dalili zote za kusingiziwa. Alilitoa karantini, akaliweka kwenye orodha ya wasioguswa kwa muda, kisha akabofya sifa zake kutazama saini ya kidijitali. Saini ilikuwepo, ya kampuni ya kadi, haijavunjika. Kisha akafanya nililolipenda zaidi: akatuma nakala ya faili hilo VirusTotal, huduma iliyoanzia Uhispania mwaka 2004 na ambayo Google iliinunua mwaka 2012, ambako faili moja hupitishwa mbele ya antivairasi zaidi ya sitini kwa mpigo. Aliyelishutumu alikuwa mmoja. Onyo lake kwangu: hiyo ni ya programu na draiva, usipeleke huko hati za watu, maana ukishaipandisha hati yako si siri yako tena.

Umejiuliza alituma kwa mtandao gani, wakati laptopu haina waifai? Hapa ndipo penye faida kwa mtu wa kisiwani. Alichomeka simu yangu kwenye laptopu kwa waya uleule wa kuchajia, akaingia kwenye mipangilio ya simu palipo na hotspoti, akawasha kushiriki mtandao kwa USB. Windows za siku hizi zinamfahamu Android kwa njia hiyo bila kuhitaji draiva yoyote mpya, na njia hiyo haipiti kwenye programu ya waifai kabisa. Ni mlango wa uani. Kwa iPhone ni tabu, inadai programu yake iwekwe kwanza, na kuiweka kunahitaji mtandao.

Dawa nyingine ni ya kuandaa kabla, wakati bahari imetulia. Fundi yule ana flashi yenye draiva za waifai za kadi anazokutana nazo zaidi, Intel, Realtek, Qualcomm, pamoja na vifaa vya kung'olea antivairasi ambavyo kampuni zenyewe huvitoa. Hivyo vya kung'olea ni muhimu kuliko vinavyoonekana. Antivairasi hupenyeza chujio lake katikati ya njia ya mtandao. Ukiifuta kienyeji, au muda wa majaribio ukiisha na ukaamua kufuta folda tu, chujio hubaki limekaa njiani na hakuna kinachopita. Ukiweka antivairasi ya pili juu ya hiyo, umeweka askari wawili kwenye lango moja na kila mmoja anamwona mwenzake mwizi. Kwa laptopu ya kawaida yenye Windows ya karibuni na isiyokrekiwa, Defender peke yake inatosha. Huo ni msimamo wangu, na najua wauza leseni hawataupenda.

Nawafikiria zaidi watu ambao hawana nafasi ya kusubiri hadi saa sita kama nilivyosubiri: mwalimu anayepandisha alama za wanafunzi siku ya mwisho, mhudumu wa zahanati anayeingiza takwimu za mwezi kwenye DHIS2, mfumo wa takwimu za afya, mwenye nyumba ya wageni kijijini Utende ambaye mteja wake yuko Ulaya na anangoja jibu leo. Kwao flashi ya shilingi elfu kadhaa yenye draiva moja sahihi, imefungwa ndani ya begi la laptopu, ina thamani ya safari nzima ya boti ya kwenda Nyamisati, bara.

Fundi hakutaka malipo makubwa. Nilimlipa, nikamwongeza ya soda, nikarudi chumbani na laptopu bado imechomekwa simu, maana nilikuwa na haraka ya kutuma makala kabla ya kuwasha upya ili waifai irudi. Nikatuma. Nikaiacha vilevile na kwenda kuoga.

Kuna jambo alilonieleza fundi nikiwa nimeshasimama mlangoni, nami sikulisikia vizuri. Mtandao unaoingia kwa waya wa simu, Windows huuhesabu kama wa ofisini, wa bure, usio na kipimo. Lazima uiambie kwa mkono kuwa una kikomo. Mimi sikuiambia. Niliporudi kutoka bafuni laptopu ilikuwa ikijipakulia masasisho ya miezi mitatu kwa raha zake, na bando langu la wiki lilikuwa limebaki na megabaiti kumi na moja.

Simu ikaita. Alikuwa mhariri, anataka picha za kuambatana na makala, sasa hivi.

"Kaka, mtandao unasumbua," nikamwambia.